Kanisa Moja la Watumwa

Harufu ya mchongoma uliokatwa asubuhi, umande haujakauka, siwezi kuisikia nikatulia. Ni harufu ya ubichi yenye uchachu kidogo, na ikinifikia hata leo, jirani akipunguza ua wake kwa panga, mikono yangu hutafuta kitu cha kushika. Nyumba ya wasichana katika misheni ya Bagamoyo ilizungukwa na ua wa michongoma mrefu kuliko mtu mzima, uliosongamana hata kuku aliyepenya alitoka ameacha manyoya ya mgongoni. Nje ya ua huo palikuwa na shamba la minazi la mapadri, na nje ya shamba palikuwa na ua mwingine, kisha barabara, kisha mji wenyewe na maduka yake na misikiti yake, ambao sisi tuliujua kwa sauti tu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mimi sikuupanda, niliwekwa katikati yake nikiwa na meno ya kwanza yanayotikisika. Lakini ngoma ya kutoka nimeicheza maisha yangu yote, na sijui kama naijua vizuri hata sasa.

Kwetu ni Uzigua, upande wa Mkange. Njaa ilipoingia, watu walianza kula mizizi, na mimi na dada yangu Mwanamvua tulikuwa tukichimba viazi mwitu mbali na nyumba tulipokamatwa na watu tusiowajua. Yeye alikuwa amekwisha kuwa msichana mwenye nguvu, wakampeleka Saadani kumpakia chomboni. Mimi nilikuwa mdogo, miguu imevimba, wakaniona sifai safari ya maji, wakaniteremsha Bagamoyo. Huko padri mmoja Mfaransa akanikomboa. Nalitaja neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lililonisumbua tangu siku ya kwanza. Nilikombolewa, nikavuliwa kamba, nikapewa kaniki mpya na uji, na baada ya muda nikabatizwa, nikaacha kuitwa Chausiku nikaitwa Skolastika. Katika mafundisho nikaambiwa kwamba Yesu ndiye Mkombozi wetu. Nilimtazama padri aliyenikomboa, nikaitazama picha ya Yesu ukutani, wote wawili wana ndevu, nikaona mambo yamekaa sawa. Aliyekukomboa ndiye mwenye wewe. Huko mjini nako walituita watumwa wa mapadri, na hakuna aliyetuambia kwa lugha tunayoielewa kwamba wamekosea.

Bwana wetu hasa alikuwa kengele. Ililia tukaamka, ikalia tukasali, ikalia tukashika majembe kwenda shambani, kupalilia minazi na kutunza vanila iliyotambaa juu ya miti kwa uvivu, wakati sisi hatukuruhusiwa uvivu hata kidogo. Sista aliyetutunza, mwanamke mwembamba mwenye uso mwekundu, alikuwa mwema kabisa, namshuhudia hilo mbele ya Mungu. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kizito, na mambo yote makubwa ya dini yalitufikia kupitia kinywa hicho. Alitufundisha kwamba kazi ni sala, na kwamba Paulo aliwaambia watu wake asiyefanya kazi asile. Tuliamini. Ila wengi wetu tulikuwa tumetoka kwa mabwana waliosema jambo lile lile bila kumtaja Paulo. Siwalaumu walimu wetu. Nasema tu kwamba mtoto husikia kwa masikio aliyokuja nayo.

Alama za Kanisa zilikuwa nne, na tulizikariri kwa wimbo, Sista akipiga kitabu chake kwa kidole. Kanisa lina alama ngapi? Nne. Zitaje. Ni moja, ni takatifu, ni katoliki, ni la mitume. Tuliimba hivyo tukichambua vanila, tukifua, tukisugua sufuria kwa mchanga, hata maneno yakawa kama mate kinywani, huyahisi tena. Mtoto wa misheni angeweza kukosa kujua jina la mto wa kwao, lakini alama za Kanisa asingezikosa. Na asiyezijua hakupewa Komunyo ya kwanza, na asiyepata Komunyo ya kwanza aliendelea kukaa benchi la nyuma na watoto wadogo wanaonuka mikojo. Mimi nilikuwa nimechoka na benchi hilo.

Kisha Wajerumani wakaja kuutwaa mji, watu wa pwani wakakataa, na vita vikaanza. Mizinga ya manowari ilipopigwa, vikombe vilicheza rafuni na wadogo walijificha chini ya vitanda. Mapadri wakafungua lango la nje na watu wakamiminika, wa mjini, wa mashambani, Waislamu, wasio na dini yoyote, Banyani mmoja na mkewe na mzani wao wa dukani, waungwana na watumwa wao, mbuzi, kuku, wagonjwa waliobebwa kwenye vitanda. Wapiganaji waliokuwa nje waliiheshimu misheni na Wajerumani nao waliiheshimu, kwa hiyo tulikuwa salama, na tulikuwa tumefungiwa. Nayasema yote mawili pamoja kwa kuwa ndivyo yalivyokuwa. Shamba la minazi likajaa vibanda vya makuti. Moshi haukuisha, vilio vya watoto havikuisha, na hewa ikawa ya mavi na majivu na dagaa. Jambo moja lilinifurahisha kwa siri: sasa na waungwana nao walikuwa ndani ya ua.

Mmoja wao alikuwa Bi Mwanaidi, mwanamke wa mjini mwenye umbo la kujaa mlango, aliyekuja na kijakazi wake nyuma amejitwika kasha. Padri Mkuu alikuwa ametangaza kwamba humo ndani hapana bwana wala mtumwa; kila mwenye afya atashika jembe au ndoo, na ndipo atakapopata chakula. Kijakazi akashika ndoo. Bi Mwanaidi akakunja mikono. "Baba Padri," alisema, kwa adabu ambayo ilimfanya Padri arudi nyuma hatua moja, "unanipa hifadhi, Mungu akulipe. Lakini jembe ni la watumwa. Nikilishika leo, kesho vita vikiisha nitarudi mjini na uso gani?" Padri akamweleza kwamba Yesu mwenyewe alikuwa seremala. Bi Mwanaidi akasema seremala ni fundi, na fundi ni jambo jingine. Mchana ule alishinda na njaa, na kijakazi wake akamnyima macho. Asubuhi iliyofuata akaomba miyaa, akaketi mbele ya ua wetu akaanza kusuka ukili, kwa kuwa kusuka mkeka hakumvunjii muungwana heshima. Sista akauona ule ukili ulivyonyooka, akampelekea sahani ya ugali mwenyewe. Hivyo Paulo na Bi Mwanaidi wakapatana.

Sista akatutuma sisi wasichana wachache tukajifunze kusuka kwake, yeye upande wa nje wa kilango cha ua, sisi upande wa ndani, maana tangu wageni wajae shambani hatukuruhusiwa kutoka bila Sista, wala wao kuingia. Midomo yetu, kwa mazoea, ikawa inaimba alama za Kanisa. Bi Mwanaidi alisikiliza siku kadhaa huku akijizuia, kisha akashindwa.

"Hao mitume wenu ni wangapi?"

"Kumi na wawili, bibi."

"Kwetu ni mmoja na anatutosha. Nyinyi kumi na wawili." Akauma ukili kwa meno, akaukata. "Ndiyo maana hamsikilizani. Hapa mapadri wa Kifaransa, Unguja wa Kiingereza, Dar es Salaam nasikia wamekuja wa Kijerumani, na kila mmoja kengele yake. Sasa hilo kanisa moja ni lipi?"

Badala ya kumjibu nikamuuliza swali langu ambalo Sista hakuwahi kulielewa: mbona mtume na mtumwa ni kama neno moja? Bi Mwanaidi akacheka hata mabega yakatikisika. "Ni neno moja, mwanangu. Mtume katumwa, mtumwa naye katumwa. Tazama tu nani kamtuma." Alisema hivyo na kuendelea na kazi yake, wala hakujua amenipandia nini kichwani. Nilianza kuwaza juu yangu mwenyewe. Mimi nimetumwa na nani? Kwa kadiri nilivyoona, nilitumwa na kengele.

Siku chache baadaye nilikuwa nafagia kando ya ua, upande unaotazama vibanda, niliposikia mwanamke akimkaripia mtoto kwa Kizigua. Alimwambia, "Unakula kama una safari." Hayo yalikuwa maneno ya mama yetu, kwa sauti ya mama yetu, pamoja na ule mvuto wa pumzi puani mwishoni. Nikaangusha ufagio. Nilipiga magoti, nikachungulia chini kwenye mashina ambako majani ni haba, nikaona miguu, na kwenye kifundo cha mguu wa kushoto kovu la jembe nililolijua kabla sijajua kuhesabu. Nikaita jina lake. Miguu ikasimama. Dada yangu akalala kifudifudi mchangani, tukatazamana kupitia miiba, na kwa kuwa sikujua mtu aliyefufuka huamkiwaje, nikamwamkia kama tulivyofundishwa kuamkia wote: "Tumsifu Yesu Kristo."

Akanitazama bila kujibu. Kila mtu niliyemjua hapo misheni angejibu "milele na milele" hata akiwa usingizini. Dada yangu hakulijua jibu hilo. Kisha akaniita Chausiku, jina ambalo hakuna aliyelitamka tangu nilipobatizwa, nikalia hadi nikakosa pumzi.

Kwa muda mrefu baada ya hapo maisha yangu yote yalikuwa pale kwenye mashina. Nilifagia sehemu ile hata ikawa na shimo. Tulichimba kijitundu cha kupitisha mkono, na mikono yetu ikajaa mikwaruzo ambayo Sista aliipaka mafuta bila kuuliza. Dada alinisimulia. Chombo walichompakia Saadani kilikamatwa na merikebu ya Waingereza, wakakabidhiwa misheni ya Kiingereza kule Unguja, akabatizwa Dorkasi, na kisha akafuatana na mwalimu wao na mkewe kwenda kufanya kazi bara. Vita vilipozuka walikuwa wakiteremka pwani, bandari ya Saadani ikawa imefungwa, wakatembea kusini hadi langoni kwetu. Alinisimulia kanisa lao la Unguja, jinsi lilivyojengwa pale pale palipokuwa soko. Waliposimamishwa watu na kufunguliwa vinywa kutazamwa meno, sasa ndipo penye altare.

"Basi hilo ni kanisa la watumwa," nilisema.

Akavuta pumzi puani, ndicho kicheko chake. "Ndilo hilo hilo."

Nilitaka kitu kimoja tu, na msomaji akijue, maana mengine yote yanatoka hapo: nilitaka dada yangu asiondoke tena. Mwalimu wake alikuwa akingoja njia ya bahari ifunguke awarudishe Unguja. Nilimwendea Sista, nikamwomba dada aingizwe nyumba ya wasichana. Sista alifurahi kwa dhati, akaniambia inawezekana kabisa. Aje afundishwe, aache mafundisho ya Waingereza, na abatizwe kwa masharti, yaani padri aseme kama hukubatizwa, nakubatiza. Nilikimbia na habari hiyo kama mtu aliyeokota pete. Dada akautoa mkono wake tunduni. "Mimi nimekwisha kubatizwa," alisema. "Nikimwagiwa tena, hiyo ya pili ni kuoga." Nikambembeleza, nikamwambia ni maji tu. Akanijibu kwamba kama ni maji tu, basi na yangu ni maji tu, na nimwambie kama naamini hivyo. Nilimchukia siku ile, kwa sababu sikuamini hivyo.

Kanisa dogo lilikuwa limejaa wagonjwa, kwa hiyo mtihani wa Komunyo ya kwanza ulifanyika chini ya minazi, mchana kweupe. Sista alitandika mikeka ya Bi Mwanaidi tupige magoti. Watu wa vibandani wakaja kutazama, maana waliofungiwa hutazama chochote. Dada yangu alisimama nyuma na wenzake. Bi Mwanaidi aliketi karibu, akikagua mikeka yake inavyokanyagwa. Padri Mkuu alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu zilizogeuka manjano kwa tumbaku, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, kwa kuwa kila siku alizika. Aliuliza wenzangu juu ya Utatu na juu ya dhambi. Akanifikia mimi.

"Skolastika, alama za Kanisa."

Nikasimama. Nilikuwa namwona dada yangu juu ya bega lake. "Ni moja," nikasema, "ni takatifu, ni katoliki, ni la watumwa."

Wasichana wenzangu wakacheka. Sista, ambaye masikio yake hayakutenganisha maneno yale mawili, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Lakini kule nyuma, kwa watu wa vibandani, hakucheka mtu. Kijakazi wa Bi Mwanaidi akaweka ndoo yake chini. Padri akaniambia niseme tena, taratibu. Nikakusanya midomo, nikamtazama yeye peke yake, nikasema tena, na ulimi ukapita njia ile ile. La watumwa. Nilitamani mchanga unimeze.

"Padri," alisema dada yangu kwa sauti ya kawaida, "hajakosea sana. Tazama waliomo."

Padri akageuka. Alitazama, kweli, na nadhani kwa muda ule alituona: sisi kwenye mikeka, kijakazi na ndoo yake, wagonjwa mlangoni. Kisha akamwita dada mbele, na badala ya kumkemea akamuuliza yeye ni nani. Dada akamwambia. Padri akamuuliza alibatizwaje, kwa maneno gani, na kama maji yalimwagwa kichwani au yalinyunyizwa tu.

"Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Maji yalimwagwa hata nikapaliwa."

Mzee yule akashika ndevu zake. Nilijua analolipima. "Huo ni ubatizo," alisema hatimaye, na Sista akashtuka. "Hatuwezi kuurudia. Wewe ni Mkristo, mwanangu." Nikaanza kucheka kwa furaha, lakini alikuwa hajamaliza. "Ila meza yetu si meza yao. Ukitaka kuingia nyumba hii na kula nasi, sharti uiache ile na kuikana mbele ya watu."

"Niikane kwa kosa gani?"

"Si kosa lako. Ni ugomvi wa zamani, wa huko kwetu, kabla hatujazaliwa mimi na wewe."

"Wamegombana huko Ulaya," dada alisema, "sisi ndio tugawane huku?" Alisema kwa upole, kama anayeuliza njia. "Wale walinitoa ndani ya chombo, Padri, nimelala juu ya maiti. Siwezi kuwakana. Nyinyi mlimtoa mdogo wangu kwenye kamba, na yeye simwambii awakane."

Bi Mwanaidi akatamka, asimwelekee mtu, kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mgeni amekuja na mwenyeji hataki kupona. Padri alionekana mzee kuliko dakika ile alipokuja. Alisema angeliombea jambo hilo, na kwamba sheria haikuwa yake. Nami nikarudishwa benchi la nyuma hadi nitakapoweza kulitamka neno.

Mashua ya manowari ya Waingereza ikaja kuwachukua watu wao mara bahari ilipotulia kidogo. Nilipopata habari, sikwenda uani kwanza. Nilikwenda moja kwa moja kwa Padri Mkuu, jambo ambalo msichana hakulifanya. Alikuwa akinawa mikono yenye udongo wa makaburi.

"Padri, mimi ni mtumwa?"

"La hasha. Tulikukomboa. Wewe ni huru."

"Basi naomba kwenda na dada yangu."

Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. Aliniambia mimi ni mtoto, roho yangu imewekwa mikononi mwake, na Mungu atamdai. Angewezaje kuipeleka mahali ambako imani si kamili? "Wewe ni huru, Skolastika," alisema tena, na machozi yalikuwa machoni mwake, sisemi uongo. "Lakini uhuru si kwenda unakotaka." Nilimwelewa. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote, kwamba nilimwelewa, na kwamba alinipenda, na kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa upendo. Mlango uliofungwa kwa chuki unaweza kuupiga teke. Huu ningeupigaje? Nilimchukia Padri, nilimchukia Paulo, nilimchukia Henri yeyote au Yohana yeyote wa huko Ulaya aliyeanzisha ule ugomvi, na nilimchukia dada yangu aliyeshindwa kukubali kuoga.

Nilimkuta amelala kwenye mashina, tayari amefunga kitambaa cha safari. Nilipitisha mkono hadi kwenye bega, miiba ikanichana hadi kwapani. Nilidhani ataniambia nivumilie, au tutaonana mbinguni, kama watu wazima wasemavyo. Alisema, "Chausiku, lile neno lao lifanyie mazoezi. Ulitamke sawasawa wakupe huo mkate. Usikae na njaa kwa ajili yangu." Akanikaza vidole, na mkewe mwalimu akamwita, naye akaenda. Niliiona miguu yake ikiondoka kati ya vibanda, na lile kovu, na baada ya hapo miguu ya watu wengine.

Mara ya pili nilipoulizwa, nilisema ni la mitume, kwa ufasaha, na kila mtu alifurahi. Nikapewa mkate mdogo mweupe usio na chumvi. Niliupokea kwa imani, nami naamini hadi leo kwamba ni Mwili wa Bwana. Lakini nilikula peke yangu, katikati ya watu wengi.

Miaka imepita mingi. Vita viliisha, Bi Mwanaidi akarudi mjini na uso wake mzima, na kijakazi wake hakurudi naye. Alibaki misheni, akaolewa. Mimi pia niliolewa humo humo na kijana wa misheni, nikazaa, nikapewa shamba katika kijiji cha Wakristo, na simlalamikii marehemu mume wangu kwa lolote isipokuwa mikoromo. Wajerumani walitawala wakaondoka, wametawala Waingereza, na utumwa umefutwa kwa sheria. Michongoma iling'olewa zamani. Wajukuu wangu hupita ilipokuwa, wakikimbia, wala hawajui kwa nini bibi huzunguka. Mwanamvua aliolewa Unguja, na katika umri wetu wote tulionana mara chache tu, mara zote nje, kwenye vibaraza vya watu. Tulikula ugali sinia moja, tukagawana samaki, akanikaripia kwamba nakula kama nina safari. Ikifika Jumapili, kila mmoja alishika njia yake. Alipofariki, nilipata habari amekwisha kuzikwa.

Mwaka huu mwanawe alikuja kunizuru. Ni mwalimu huko kwao, mtu mzima mwenye mvi, na ana pumzi ile ile puani. Jumapili alinisindikiza kanisani kwa kuwa miguu yangu haina nguvu, akanikabidhi kwa mjukuu wangu mlangoni, mwenyewe akabaki nje juani, kofia mkononi. Wakubwa wake wamemkataza kusali kwetu, na wakubwa wetu wasingempa Komunyo. Makatazo mawili yalikutana kizingitini, naye akasimama katikati yake kwa adabu. Mjukuu wangu mdogo, anayejiandaa kwa mtihani wake, alikuwa akinong'ona kando yangu: moja, takatifu, katoliki, la mitume. Analitamka vizuri sana. Nilikaa nikilitafuta hilo moja katika maisha yangu yote, na sikuliona mahali popote isipokuwa chini ya minazi ile, mwaka wa vita, tulipofungiwa sote, wakati watu walipoacha kucheka.

Kengele ikalia, watu wakaanza kupanga mstari kwenda mbele. Mimi nikashika fimbo yangu, nikageuka nyuma. Mjukuu alinivuta nguo. Nikamtoa mkono taratibu. Nilipita katikati ya mabenchi watu wakinitazama, nikavuka kizingiti, nikasimama juani kando ya mwana wa dada yangu. Alishtuka, akanishika kiwiko.

"Rudi ndani, mama mdogo," alisema. "Watu wanakuona."

"Waache waone," nikamwambia. "Humo ndani nimekaa vya kutosha."